Picha ya skrini imegoma? Tafuta kwanza imekwenda wapi

Jioni moja binti mmoja aliingia dukani kwangu, ninapouza vifaa vya ofisi na kusaidia watu mambo ya kompyuta. Alikuwa ameibeba laptopu yake ikiwa wazi, kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sinia la vikombe vilivyojaa chai. Alikuwa amemaliza kujaza maombi ya chuo. Ukurasa wa mwisho ulimpa namba ya malipo, naye akabonyeza PrtSc, yaani kitufe cha Print Screen cha kupiga picha ya skrini, mara tatu nne, hakuona dalili yoyote, kisha katika kuhangaika akaufunga ukurasa wenyewe. "Kaka, picha imegoma," akasema, na sauti ilikuwa imeanza kukatika. Nikamwambia, "Mdogo wangu, usiizime, na usinakili kitu kingine chochote." Nikafungua Paint, nikabonyeza Ctrl na V. Ukurasa wote ukatokea, namba ya malipo ipo, hata saa ya kwenye kona ya chini ilisoma dakika ileile aliyobonyeza.

Kisa cha namna hii nakipata kila msimu wa maombi. Mtu anaposema skrinshoti imegoma, mara nyingi picha imeshapigwa, ila imekwenda mahali asipopatazama. Kwa hiyo kabla ya kugusa mipangilio yoyote, jiulize: haikupigwa kabisa, au imepigwa na sijui iliko? Ukichanganya mambo haya mawili unaweza kushinda kutwa ukitengeneza kisichoharibika. Jaribio lake ni la sekunde kumi. Fungua Paint, au Word, au hata sehemu ya kuandikia ujumbe ya WhatsApp kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na V. Kikitokea kitu, upigaji wako ni mzima, tatizo liko kwenye kuhifadhi.

Maelezo mengi hapa ni ya Windows, maana ndiyo iliyomo kwenye mashine nyingi ninazoletewa. Mac na Linux nitazigusa zinapohusika.

## "Nimebonyeza PrtSc, kimya"

Kimya hicho ndiyo kawaida yake. Kitufe hiki kilizaliwa na kazi nyingine: kwenye IBM PC ya mwaka 1981, ukibonyeza Shift na PrtSc, maandishi yaliyokuwa kwenye skrini yalikwenda moja kwa moja kwenye printa, yakatoka kwenye karatasi. Jina limebaki, kazi imebadilika. Kwenye Windows kitufe hiki kikibonyezwa peke yake, na skrini isipoingia giza (hilo nitalieleza chini), huiweka picha kwenye ubao wa kunakilia, yaani palepale maneno yanapokaa ukiyanakili ili ukayabandike kwingine. Hakitengenezi faili. Ubao huo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, na kwa kawaida unashika kitu kimoja tu: ukinakili hata neno moja baadaye, picha imefutika, ukizima mashine, imekwenda. Ndiyo sababu nilimkataza yule binti asinakili kitu.

Ukitaka faili lihifadhiwe papo hapo, shika kitufe cha Windows kisha bonyeza PrtSc. Skrini hufifia mara moja kama mtu aliyepepesa jicho, na faili la PNG, aina ya faili la picha, linaingia kwenye folda ya Pictures, ndani ya Screenshots, kwa jina la Screenshot na namba yake. Ule mfifio ndio ushahidi wako. Usipouona, hesabu kuwa hakuna kilichohifadhiwa. Alt na PrtSc nayo hupiga dirisha lile tu unalolifanyia kazi na kuliweka ubaoni, bila faili.

Kuna kinga moja ninayomwashia kila mteja anayeniruhusu, nayo ni historia ya ubao wa kunakilia. Bonyeza Windows na V. Mara ya kwanza itakuuliza kama unataka kuiwasha, kubali. Ilikuja na sasisho la Windows 10 la Oktoba 2018, na tangu hapo ubao unaweza kukumbuka vitu hadi 25. Ukipiga picha kisha ukanakili kitu kingine juu yake, unarudi nyuma na kuichukua. Lakini haikumbuki yaliyopita kabla hujaiwasha, na ukiwasha mashine upya inafuta kila kitu isipokuwa ulivyovibana kwa alama ya pini.

## "Hata kubandika hakuleti kitu"

Hapa sasa picha kweli haikupigwa, na mshukiwa wa kwanza ni kibodi.

Chukua laptopu na uitazame kwa karibu, kwenye safu ya juu kabisa. Mara nyingi PrtSc imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kitufe kingine, kama Insert au F10. Angalia rangi ya maandishi hayo. Ikiwa ni ileile iliyotumika kuandika Fn kule chini kushoto, au yamezungushiwa kijisanduku kama cha Fn, kitufe hicho kina kazi mbili na unayoitaka inapatikana kwa kushika Fn. Kwa hiyo kuhifadhi faili kunakuwa Fn, Windows na PrtSc kwa pamoja, vidole vitatu. Kuna laptopu ambazo hazina kitufe hiki kabisa. Baadhi ya Surface za Microsoft, kwa mfano, hutumia Fn, Windows na kile kitufe kirefu cha nafasi.

Kwenye laptopu nyingi za Dell na Lenovo kuna pia kufuli ya Fn, ambayo hufungwa na kufunguliwa kwa Fn na Esc. Mtoto akicheza na kibodi, kufuli hiyo hubadilika bila mtu kujua, na kitufe kilichofanya kazi jana leo kinapunguza mwanga. Jaribu Fn na Esc kabla ya kulaumu kitu kingine. Kibodi za wachezaji wa gemu zina kitufe cha kuzima Windows ili mchezo usikatizwe. Kikiwa kimewashwa, kila njia inayoanza na kitufe cha Windows inakufa, lakini PrtSc peke yake inaendelea kufanya kazi, na tofauti hiyo ndiyo inayokuonyesha chanzo.

Ili ujue kama kitufe chenyewe kimekufa, fungua kibodi ya kwenye skrini kwa Ctrl, Windows na O. Humo kuna PrtScn. Kibonyeze kwa kipanya, kisha ubandike kwenye Paint. Picha ikija, Windows ni nzima na kilichoharibika ni kitufe cha plastiki, pengine kimeingia vumbi au soda. Usikimbilie kununua kibodi. Bonyeza Windows, Shift na S, uchague eneo kwa kipanya, na kazi itakwenda. Njia hii ndiyo ninayoifundisha kwanza, kwa sababu haihitaji PrtSc hata kidogo.

Kitufe kikiwa kizima na bado hakuna kitu, basi kuna programu nyingine imekikamata. OneDrive na Dropbox, za kuhifadhi mafaili mtandaoni, na Lightshot, ya kupiga skrini, zote zinaweza kukidai PrtSc kiwe chao. Angalia aikoni ndogo zilizo karibu na saa, zifunge moja moja, ujaribu kila baada ya kufunga moja. Ukizifunga zote kwa mpigo utapona bila kujua aliyekuwa anakusumbua, na kesho atarudi.

## "Nikibonyeza, skrini inaingia giza na mashine inaganda"

Haijaganda, inakusubiri wewe. Tangu mwaka 2023, kwenye Windows 11 PrtSc imewekwa ifungue Snipping Tool, programu ya Windows ya kupiga na kukata picha za skrini, badala ya kupiga picha nzima kimyakimya. Skrini inapakwa kiza, kiupau kidogo kinatokea juu, na mshale unakuwa alama ya msalaba. Buruta kuzunguka eneo unalolitaka, au chagua skrini nzima kwenye kiupau kile. Kujitoa ni Esc. Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea mashine akiwa ameizima kwa kushikilia kitufe cha umeme zaidi ya mara moja, akihofia ina kirusi. Nilimwamkia, nikabonyeza Esc mbele yake, giza likaondoka.

Ukipendelea tabia ya zamani, fungua Settings, kisha Accessibility, kisha Keyboard, uzime swichi inayosema PrtSc itumike kufungua upigaji wa skrini. Kwenye Windows 10 swichi hiyo iko chini ya Ease of Access. Mimi kwa watu wanaofanya kazi za ofisi naiacha ikiwa imewashwa, kwa kuwa inawazoesha kukata sehemu wanayoihitaji tu badala ya kumtumia bosi skrini nzima pamoja na mazungumzo yao ya pembeni.

## "Picha imepigwa, faili silioni"

Folda ya Screenshots ikiwa tupu, OneDrive ndiyo ya kuulizwa kwanza. Ina mpangilio wa kuhifadhi picha za skrini yenyewe, na ukiuwasha, au ukikubali bila kusoma siku ya kwanza, picha huanza kukaa kwenye Pictures ya OneDrive na siyo ile unayoifikiria. Majina ya folda yanafanana, ndiyo maana watu wanapotea. Zaidi ya hapo, kila picha inapandishwa mtandaoni, na kama unatumia bando la simu, hiyo ni data yako inayokwenda. Akaunti ya bure ina GB 5 tu. Zikijaa, upandishaji unasimama na alama za kosa zinaanza. Bonyeza aikoni ya wingu karibu na saa, ingia kwenye mipangilio yake, uzime kipengele cha picha za skrini.

Mahali pa pili ni Videos, ndani ya Captures. Huko huenda picha zilizopigwa kwa Windows, Alt na PrtSc, njia ya Xbox Game Bar. Kidole kikiteleza kikagusa Alt, picha yako imekwenda kwenye folda ya Videos.

Usipoikuta kokote, fungua folda yoyote, nenda kwenye This PC, na kwenye kisanduku cha kutafutia andika *.png. Panga matokeo kwa tarehe, ya karibuni juu. Nimeokoa picha nyingi kwa njia hii kuliko kwa ujanja mwingine wowote.

Kwenye Mac mambo ni mepesi zaidi: Shift, Command na 3 hupiga skrini nzima, na 4 hupiga sehemu, faili linatua kwenye eneo-kazi. Ukiona halitui, huenda umegusa Control pia, na hapo picha imekwenda kwenye ubao badala ya faili. Au kuna mtu amebadilisha folda: bonyeza Shift, Command na 5, paneli iliyopo tangu macOS Mojave ya mwaka 2018, kisha uangalie kwenye Options inahifadhi wapi.

## "Snipping Tool yenyewe haifunguki"

Iue kwanza kwenye Task Manager, ile orodha ya programu zinazoendeshwa, uifungue tena. Ikikataa, ingia Settings, Apps, Installed apps, uitafute Snipping Tool, bonyeza nukta tatu, Advanced options. Anza na Repair. Reset iwe ya mwisho kwa kuwa inafuta mipangilio yako. Kisha ingia Microsoft Store uangalie kama ina sasisho, maana siku hizi programu hii husasishwa kutokea huko.

Ikiwa inapiga lakini kijisanduku cha taarifa hakitokei pembeni, picha ipo ubaoni. Kilichozimwa ni taarifa, mara nyingi kwa sababu ya Do not disturb. Bandika tu, uendelee.

Na angalia tarehe ya kompyuta. Programu hizi hukaguliwa kwa vyeti vya kidijitali ambavyo vina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Tarehe 31 Oktoba 2021 cheti kimoja cha Microsoft kiliisha muda wake, na kuanzia 1 Novemba watu wenye Windows 11 walikuta Snipping Tool haifunguki. Mashine zao hazikuwa na kosa lolote. Mpaka sasisho lilipokuja, ushauri wa Microsoft wenyewe ulikuwa wabonyeze PrtSc na kubandika kwenye Paint. Tangu hapo, hitilafu ikiwapata watu wengi siku moja, sichokonoi mashine ya mtu, natafuta kwanza kama ni tatizo la wote. Kompyuta za mezani za zamani zina shida nyingine ya tarehe: ile betri ndogo ya duara iliyo ndani, CR2032, ikichoka, kila umeme ukikatika saa inarudi miaka nyuma, na kurasa za intaneti zinaanza kulalamika kuhusu usalama. Ukiona saa haishiki, badilisha betri hiyo kabla ya kuhangaika na programu.

## "Picha imetoka nyeusi"

Ukipiga eneo-kazi likatoka vizuri, lakini dirisha fulani tu likatoka jeusi, kompyuta yako haina kosa. Dirisha hilo limekataa kupigwa. Filamu za Netflix na za huduma kama hiyo zinalindwa ili zisinakiliwe, na Windows inazipa programu uwezo wa kuiambia: mimi usinionyeshe kwenye picha. Programu za mitihani hutumia uwezo huo. Signal ya kwenye kompyuta, programu ya kutumiana ujumbe, nayo iliuwasha yenyewe kwa watumiaji wa Windows 11 mwezi Mei 2025, ili mazungumzo yasichukuliwe na Recall, kipengele cha Microsoft kinachopiga picha za skrini kila mara. Kwenye Signal unaweza kuuzima mwenyewe ndani ya mipangilio. Kwenye mashine ya ofisi au ya mtihani usijaribu kuzunguka ulinzi. Ukihitaji kumbukumbu ya malipo, pakua risiti ya PDF. Risiti hiyo ina nguvu kuliko picha hata mbele ya mhasibu.

Video ya kawaida isiyolindwa, kwa mfano uliyorekodi mwenyewe, nayo inaweza kutoka nyeusi kwa sababu ya jinsi kadi ya picha inavyoichora. Zima hardware acceleration, yaani kuichorea video kwa kadi hiyo, kwenye mipangilio ya kivinjari au programu ya video, uifungue upya, upige tena.

Mac ina dalili yake: unapiga kwa programu ya kupakua, inatoka picha ya mandhari peke yake, madirisha yote hayamo. Hiyo ni ruhusa. Tangu macOS Catalina ya mwaka 2019, programu isiyopewa ruhusa ya Screen Recording, chini ya Privacy & Security, haioni madirisha ya wenzake. Kwenye Linux, weusi mara nyingi unatokana na Wayland, mfumo unaochora madirisha kwenye skrini, ambayo haikubali programu za zamani zichungulie skrini. Tumia chombo kilichokuja na mfumo wako, kama kile cha GNOME, mojawapo ya sura za eneo-kazi za Linux, kinachofunguka kwa PrtSc.

## "Rangi siyo nilizokuwa nazitazama"

Zikiwa zimepauka kama nguo iliyokaa juani, skrini yako iko kwenye HDR, hali ya kuonyesha mwanga na rangi nyingi zaidi. Windows, Alt na B huizima na kuiwasha. Zima, piga, washa tena. Na kama skrini ilikuwa ya njano usiku lakini picha imetoka nyeupe, hiyo ni Night light, kipengele cha kuipa skrini rangi ya joto usiku, nayo haiingii kwenye picha. Picha iko sahihi.

## "Maandishi yana ukungu"

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mtu anakuwa amefanya kila kitu sawa, picha imetoka kali kama wembe, kisha inaharibika njiani.

Mharibifu mkuu ni njia ya kutuma. Ukituma PNG kwenye WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa ili iwe nyepesi, na ubanaji huo ulitengenezwa kwa ajili ya nyuso na mandhari. Herufi ndogo ndizo zinazoumia: pembeni mwa kila herufi unaona vumbivumbi, sifuri na nane zinaanza kufanana, na kwenye namba ya malipo hilo ni hatari ya kweli. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua Document badala ya Photos, litume faili lenyewe. Litafika kama lilivyo. Kwa sababu hiyohiyo, unapohifadhi kwenye Paint acha PNG. JPG iachie picha za harusi.

Word ni wa pili. Unapohifadhi waraka hupunguza picha zilizomo, kwa kawaida hadi nukta 220 kwa inchi. Ingia File, Options, Advanced, tafuta sehemu ya ubora wa picha, weka tiki kwenye Do not compress images in file, kabla ya kubandika.

Kisha kuna hesabu ambayo wanafunzi wanaoandika ripoti hawaambiwi. Laptopu nyingi za bei nafuu zina skrini ya pikseli 1366 kwa upana. Ukurasa wa A4 wenye pambizo za kawaida una upana wa sentimita 16 hivi wa kuandikia, ambazo ni inchi sita na robo. Skrini nzima ikitandazwa humo unapata nukta kama 218 kwa inchi, na ikichapwa inasomeka vizuri. Lakini ukikata kipande cha pikseli 400 ukakivuta kijaze upana uleule, unabaki na nukta 64 kwa inchi, na hakuna printa itakayoziongeza. Suluhisho linakuja kabla ya kupiga: kuza ukurasa kwanza kwa Ctrl na alama ya kujumlisha, hadi sehemu unayoitaka ijaze skrini, ndipo upige. Kipande kilekile sasa kina pikseli mara mbili au tatu.

Na tafadhali usipige skrini kwa kamera ya simu ukiwa na njia nyingine. Ile mistari ya mawimbi inayotokea ni nukta za skrini na za kamera zinazogongana, haiondoki kwa kuhariri.

## Mambo madogo yanayokera

Menyu inayojifunga ukigusa kitu: Snipping Tool ina kipima muda cha sekunde chache; uweke, uifungue menyu, utulie hadi ipige. Mshale wa kipanya hauingii kwenye picha ya PrtSc, na ndivyo ilivyopangwa. Ukurasa mrefu unaovuka skrini usiupige vipandevipande: kwenye Firefox bofya kitufe cha kulia, Take Screenshot, kisha ukurasa mzima, kwenye Edge ni Ctrl, Shift na S. Ukiwa umeingia kompyuta ya mbali kwa Remote Desktop, PrtSc inaweza kupiga ya kwako badala ya ile ya mbali. Ya kule hupigwa kwa Ctrl, Alt na alama ya kujumlisha ya kwenye upande wa namba.

## "Nimezificha namba, lakini zimeonekana"

Hitilafu hii haitoi dalili, ndiyo maana naomba uisome hata kama picha zako zinatoka vizuri.

Mwezi Machi 2023 iligundulika kwamba Snipping Tool ya Windows 11, pamoja na Snip & Sketch ya Windows 10, zilikuwa na kasoro: ukifungua picha uliyokwisha kuihifadhi, ukaikata, ukaihifadhi juu ya faili lilelile, sehemu ya faili la zamani ilibaki mwishoni bila kufutwa. Jicho halikuiona, lakini mwenye ujuzi aliweza kurudisha baadhi ya kilichokatwa. Microsoft walirekebisha mwezi huohuo, katika toleo 11.2302.20.0 la Snipping Tool na 10.2008.3001.0 la Snip & Sketch. Sasisha, lakini ujue sasisho haliponyi mafaili ya zamani. Kama kabla ya hapo ulikata taarifa ya benki na kumtumia mtu faili lenyewe, chukulia kuwa kilichokatwa kinaweza kuwa kimefika. Kama una faili hilo bado, lifungue, linakili kwenye Paint, lihifadhi kwa jina jipya, ndilo utumie kuanzia sasa.

Word nayo hukata kwa kuficha. Picha uliyoikata ndani ya waraka bado iko nzima chini yake, na anayepokea waraka anaweza kuivuta ikarudi yote. Mama mmoja alikuwa karibu kutuma maombi ya kazi yenye picha ya cheti aliyoikata hivyo, na upande uliofichwa kulikuwa na ujumbe wa mpesa wenye salio lake na namba za watu. Nilibofya picha, nikaburuta ukingo, ukatokea mbele yake. Akanyamaza kwanza, kisha akaniomba nimwoneshe pa kuizuia. Ni kwenye Picture Format, Compress Pictures, unaacha tiki kwenye Delete cropped areas of pictures, unabonyeza OK.

Kuhusu kufunika namba, ukungu na vijisanduku vya mosaiki vinaweza kubashiriwa, hasa tarakimu, kwa kuwa ziko kumi tu. Fungua Paint, chora mstatili, uujaze rangi nyeusi kabisa, uhifadhi kama PNG mpya. Kisha ifunge, uifungue upya, uikuze mpaka uone pikseli moja moja kwenye kingo za ule mstatili, uhakikishe hakuna mguu wa tarakimu uliochungulia nje, ndipo uitume.